Kwa Nini Memori Kadi Feki Huonyesha GB 128 Wakati Ndani Ina GB 8?

Je, wajua kwamba kamera haina namna ya kupima ukubwa wa memori kadi unayoichomeka? Huiuliza tu kadi yenyewe ina nafasi kiasi gani, na jibu inalopewa ndilo linaloonekana kwenye kioo. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kadi ikisema ni GB 128, basi ni GB 128, hata kama ndani yake mna GB 8 tu. Ndiyo maana mtu hununua kadi, akaitia kwenye kamera, akaona bado kuna nafasi ya maelfu ya picha na kuridhika, halafu siku moja anakuta nusu ya picha za harusi hazifunguki.

Ndani ya kile kipande cha plastiki mna sehemu mbili. Moja ni chipu inayohifadhi picha. Nyingine ni kidhibiti, yaani kompyuta ndogo kabisa yenye programu yake, inayosimama kati ya kamera na chipu. Kidhibiti ni kama mtunza ghala: kamera haiingii ghalani, bali humkabidhi mzigo mlangoni na kuamini kwamba ameupanga. Hakuwekwa pale kwa hila. Chipu hizi hutoka kiwandani zikiwa na sehemu mbovu hapa na pale, na hata sehemu zilizo nzima huchakaa kadiri zinavyoandikwa na kufutwa, kwa hiyo lazima awepo wa kukumbuka wapi pazima na wapi pabovu. Kwa kuwa ubovu hutofautiana kati ya chipu na chipu, programu ya kidhibiti hupakiwa baada ya sehemu za kadi kuunganishwa kiwandani, na hapo ndipo matapeli wanapoingilia. Desemba 2013, watafiti Andrew Huang na Sean Cross walieleza kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta uitwao Chaos Communication Congress mjini Hamburg, Ujerumani, jinsi walivyofanikiwa kuingiza programu yao wenyewe katika kidhibiti cha kadi ya SD, yaani memori kadi ya aina inayotumika kwenye kamera nyingi. Mwenye uwezo huo anaweza pia kukifanya kidhibiti kitaje ukubwa wowote anaoutaka.

Sasa, picha zinazozidi GB 8 huenda wapi? Inategemea tapeli aliifanyaje kadi. Kuna kadi ambazo hupokea data, zikaijibu kamera kwamba mambo yako sawa, na kuitupa. Nyingine zikifika mwisho hurudi nyuma na kuandika juu ya picha za zamani, na hizi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinaharibu hata picha zilizokuwa salama. Katika hali zote mbili majina ya faili na ukubwa wake yanaweza kuendelea kuonekana vizuri, kwani orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, mahali ambapo chipu ipo kweli. Unaona folda imejaa. Ukifungua picha, ni kijivu, au ni nusu, au kompyuta inakataa. Hakuna programu ya kurejesha picha itakayosaidia hapo, kwa sababu picha hazikufutwa: ama hazikuwahi kuandikwa, ama nyingine zimeandikwa juu yake. Linalouma ni kwamba kadi hufanya kazi vizuri mpaka ujazo wake wa kweli uishe, na mara nyingi hilo hutokea ukiwa katikati ya kazi yenyewe.

Kufomati kadi hakufichui uongo huu. Kufomati kwa haraka huandika orodha mpya mwanzoni tu. Kipimo cha kweli ni kimoja: kuijaza kadi yote data inayojulikana, kisha kuisoma yote na kulinganisha. Kwa Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw. Kwa Linux na Mac ipo F3, iliyoandikwa na Michel Machado. Hamisha kwanza kila kilicho ndani na uifomati, kwa maana programu hizi hupima nafasi iliyo wazi peke yake. Uwe na subira pia: kadi ya GB 128 inayoandikwa kwa MB 20 kila sekunde inahitaji karibu saa moja na dakika 47 kujaa, kabla ya kuanza kusomwa. Mimi naona muda huo ni mdogo sana ukilinganisha na picha ambazo haziwezi kupigwa tena.

Ila usiishtaki bure kadi isiyo na kosa. Kadi ya GB 64 ikisomeka kama GB 59 na ushei kwenye Windows, hiyo ni sawa: kiwanda huhesabu gigabaiti kwa baiti bilioni moja kamili, Windows huhesabu kwa 1,073,741,824.

Kasi ni uongo wa aina nyingine, na baadhi yake ni halali kabisa. Ile namba kubwa iliyochapishwa mbele ya kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Kamera inahitaji kasi ya kuandika. Tafuta alama ndogo: U1 na V10 maana yake kadi haitashuka chini ya MB 10 kwa sekunde inaporekodi video, U3 na V30 ni MB 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Hapa wengi huchanganya biti na baiti. Kamera inayorekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 12.5 tu, kwa sababu baiti moja ni biti nane. V30 inatosha na kubaki.

Picha za mfululizo ni habari tofauti. Faili moja ya RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, ikiwa na MB 25 na kamera ikapiga picha 10 kwa sekunde, ni MB 250 kila sekunde, na kadi za UHS-I, moja ya viwango vya kasi vya kadi za SD, kwa kanuni huishia MB 104 kwa sekunde. Kamera huzihifadhi picha kwenye kumbukumbu yake ya muda, na hiyo ikijaa, mwendo unashuka. Kadi za UHS-II, kiwango kinachofuata, zinaweza kufika MB 312, lakini zikiwekwa kwenye kamera isiyo ya UHS-II zinarudi kwenye mwendo wa UHS-I. Soma kwanza maelezo ya kamera yako kabla ya kulipia kasi ambayo haitatumika.

Vifungashio na chapa huigwa vizuri mno siku hizi, hivyo sishauri mtu kuchunguza rangi na herufi. Chunguza mambo yanayogongana. Kadi ya UHS-II ina safu mbili za vipande vya shaba mgongoni. Ikiwa safu ni moja, maandishi yanadanganya, na hali ni hiyohiyo kwa V60 na V90, ambazo haziwezekani kwa UHS-I. SDHC, nembo inayoonyesha daraja la ukubwa wa kadi, huishia GB 32, kwa hiyo kadi ya GB 64 yenye nembo ya SDHC si orijino. SDXC, daraja linalofuata, huishia TB 2, yaani GB 2,000 hivi. Anayekuuzia ya TB 4 yenye nembo ya SDXC anakuuzia kitu ambacho kanuni yenyewe haikitambui.

Nunua kwa mawakala waliotajwa na kampuni yenyewe kwenye tovuti yake. Kwenye masoko ya mtandaoni, angalia ni nani hasa anauza, kwa kuwa jina kubwa la soko si jina la muuzaji. Kisha pima kadi siku inapofika, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Ikifeli, hifadhi picha ya matokeo ya kipimo pamoja na risiti, na udai fedha zote. Ukiambiwa kadi inaweza kurekebishwa isomeke kwa ukubwa wake wa kweli, ni kweli inawezekana, lakini chipu iliyomo hujui imetoka wapi wala ina uchakavu kiasi gani, kwa hiyo usiitie tena picha zako.