Nazi haina lehemu. Kwa nini basi mtoto mwenye lehemu ya kurithi apunguziwe tui?

Je, wajua kwamba nazi haina lehemu ya kuhesabika? Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Hata hivyo, mzazi wa Mikindani au Lindi mjini ambaye mtoto wake amepimwa damu na kukutwa na lehemu nyingi ya kurithi hushangaa akiambiwa kwamba kitu cha kwanza cha kupunguza jikoni kwake ni tui.

Sababu iko kwenye ini. Sehemu kubwa ya lehemu iliyomo katika damu hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo linaloiondoa ile ya aina ya LDL, yaani lehemu mbaya inayoweza kuziba mishipa ya damu, kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake, ambavyo huinasa na kuivuta ndani. Ugunduzi wa vipokezi hivyo ndio uliowapatia Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtoto aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja hubaki na takribani nusu ya vipokezi vinavyofanya kazi, kwa hiyo LDL hurundikana tangu azaliwe, hata akiwa mwembamba kama ufito. Hali hii humpata takribani mtu 1 kati ya 250, na akigunduliwa mtoto mmoja, wazazi na ndugu zake nao hupaswa kupimwa.

Sasa, mafuta yaliyoshiba (kwa Kiingereza saturated fat) hupunguza utendaji wa hata vile vipokezi vichache vilivyosalia, na karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo, kiwango kinachoipita hata samli. Watu wamezoea kuyatambua mafuta haya kwa kuganda kwake, lakini ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa joto la Mtwara chupa hukaa majimaji muda mwingi wa mwaka.

Mtoto wa shule anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku, akiwa na hali hii, hushauriwa asipate zaidi ya asilimia 7 ya nishati hiyo kutokana na mafuta yaliyoshiba, yaani gramu 12 hivi. Nusu kikombe cha kasimile, yaani tui zito la kwanza, peke yake huzidi kiasi hicho. Kiganja cha korosho, gramu 30, kina gramu 2 na ushei tu, kwa kuwa mafuta yake mengi ni ya aina nyingine. Kwa hiyo kisamvu cha mtoto huyu kiungwe kwa korosho, karanga au ufuta uliosagwa, vitu ambavyo Kusini havitafutwi mbali, na kunde na mbaazi ziliwe mara kwa mara, kwani nyuzinyuzi zake husaidia kuitoa lehemu kupitia choo. Pweza, anayeogopwa bure, ana lehemu kiasi lakini karibu hana mafuta yaliyoshiba. Tatizo huja anapopikwa kwa tui zito.

Lishe peke yake, hata ikifuatwa barabara, kwa kawaida hushusha LDL kwa takribani asilimia 10 hadi 15, na kwa wengi wa watoto hawa hiyo haitoshi. Ndiyo maana daktari huweza kuanzisha dawa za statini, ambazo hushusha lehemu, kuanzia umri wa miaka 8 hadi 10, huku lishe ikiendelea. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapunguziwi mafuta bila agizo la daktari, kwa sababu ubongo wake unayahitaji ili ukue, na maziwa ya mama huendelea kama kawaida.