Asilimia 20 ya nini? Hatari ya moyo kwa wenye uvimbe sugu wa utumbo

Uvimbe sugu wa utumbo ni jina la jumla la magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo kwa miaka, hasa ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda. Si kujaa gesi, wala si lile tumbo la kusumbuka mara kwa mara ambalo vipimo havilioni na kidonda chochote. Madhara yake hayaishii tumboni, kwa kuwa kemikali zinazochochea uvimbe husafiri katika damu, zikaudhuru utando wa ndani wa mishipa, na kwa sababu hiyo wagonjwa hupata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wingi kidogo kuliko wenzao wa rika moja.

Wingi huo, ambao tafiti nyingi huukadiria kuwa karibu asilimia 20, ndio unaosomwa vibaya kila unapotajwa, kana kwamba katika kila wagonjwa 100, 20 watapatwa na mshtuko wa moyo. Asilimia hiyo huhesabiwa juu ya hatari ambayo mtu angekuwa nayo hata bila ugonjwa. Tuseme katika watu 1,000 wa umri fulani wasio na ugonjwa huu, 10 hupata mshtuko wa moyo ndani ya miaka kumi: miongoni mwa wenye ugonjwa watakuwa 12. Wakiwa wazee wavutaji sigara wenye kisukari, ambao tuseme 200 kati yao wangepatwa hata hivyo, nyongeza ileile huwa watu 40. Kwa vijana uwiano wenyewe huelekea kuwa mkubwa zaidi, lakini waathirika hubaki wachache.

Damu kuganda katika vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za mguu au mapafuni ni hesabu nyingine kabisa, isiyofaa kuchanganywa na hii. Hatari yake huwa mara mbili hadi tatu ya ile ya wenzao wasio na ugonjwa, na hupanda zaidi ugonjwa unapolipuka, ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa huchomwa sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, hata akiwa anatoa damu kidogo chooni, jambo ambalo ndugu zake huona ni kichaa.

Kwa hiyo anayeandika "asilimia 20 ya wagonjwa" angeandika kwa usahihi zaidi kwamba hatari yao imezidi kwa sehemu moja ya tano ya ile ya wenzao, kisha ataje ile ya wenzao ni kiasi gani.