Chuo kikifuta chama cha udugu, sheria ya Marekani inasemaje?

Mzazi akipigiwa simu kwamba chama cha mwanawe kimefungiwa huko Marekani, aulize kwanza: chuo hicho ni cha serikali au cha binafsi? Karibu kila kitu kinategemea jibu hilo.

Frateniti ni vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, vingi vikiwa na majina ya herufi za Kigiriki. Chuo cha serikali ni mkono wa dola, hivyo hubanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanayolinda uhuru wa kusema na kujumuika. Katika kesi ya Healy dhidi ya James, 1972, Mahakama ya Juu iliamua kuwa chuo cha namna hiyo hakiwezi kukataa kukitambua chama cha wanafunzi kwa kuchukia tu fikra zake.

Hapo ndipo wengi huteleza, wakidhani kila chama kina kinga hiyo. Mwaka 1996 polisi walikuta dawa za kulevya katika nyumba ya tawi la Pi Lambda Phi, nalo likafutwa na University of Pittsburgh. Lilipodai uhuru wa kujumuika, mahakama ya rufani ililikatalia mwaka 2000: chama cha urafiki na burudani, kisicho na msimamo kinaoutetea hadharani, hakipati ulinzi huo, na michango michache ya hisani haibadilishi hali. Tawi la Sigma Chi la George Mason University, kinyume chake, lilishinda mwaka 1993, ingawa liliadhibiwa kwa igizo lililowadhihaki wanawake weusi. Igizo lile lilikuwa la aibu, nasema bila kusita. Ila chuo kiliadhibu ujumbe wenyewe, na hilo Katiba hailiruhusu.

Kwenye chuo binafsi, tegemeo kubwa ni mkataba. Soma mwongozo wa wanafunzi; kama chuo kimekiuka utaratibu kilioandika chenyewe, mara nyingi hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa vyuo vya serikali, tangu kesi ya Dixon ya Alabama, 1961, mahakama zimeshikilia kwamba mwanafunzi hafukuzwi bila kuelezwa tuhuma na kusikilizwa. Kwa hiyo barua ikifika, omba tuhuma kwa maandishi, tunza bahasha na baruapepe zote, na uangalie siku ile ile tarehe ya mwisho ya kukata rufaa ndani ya chuo.