Injini ya pili na hesabu yake: kwa nini ndege ndogo za injini mbili huanguka

Karibu kila abiria anayekuja kupanda ndege ndogo huuliza swali lile lile: ina injini ngapi? Akisikia mbili, uso unakunjuka. Akisikia moja, anaanza kuulizia umri wa rubani. Mimi hufundisha urubani wa injini mbili, na sehemu kubwa ya usomaji wangu ni ripoti za ajali za ndege hizi. Kuna jambo linalojirudia humo hadi linaumiza: mara nyingi injini moja ilikuwa nzima, inanguruma kwa nguvu zote mpaka ndege inagonga ardhi. Na ni hiyo nzima ndiyo iliyoipindua ndege.

Tuanze na hesabu. Piper Seminole, ndege inayotumika sana vyuoni, ina injini mbili zenye nguvu farasi 180 kila moja. Ikiwa na uzito kamili kwenye usawa wa bahari, na injini zote zinafanya kazi, hupanda takriban futi 1,300 kwa dakika. Injini moja ikizimika, mtu hutarajia nusu, kama 650. Hapati. Hubaki na futi zinazozidi 200 kidogo tu. Nusu ya nguvu imeondoka, lakini uwezo wa kupanda umepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu za injini hutumika kuishikilia ndege angani isishuke. Kinachoipandisha ni ile ziada inayobaki. Injini moja ikifa, karibu ziada yote huenda nayo, na juu ya hapo propela iliyokufa inazungushwa na upepo na kuiburuta ndege nyuma.

Hizo futi 200 ni za Dar es Salaam au Mombasa, tena kwenye hewa ya kawaida ya vitabuni. Kitabu cha Seminole kinasema kwa injini moja na uzito kamili, kimo cha juu cha kufanyia kazi ni futi 3,800. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Siku ya nyuzi joto 25, hewa ya Wilson huwa nyepesi kama ile ya futi 8,000. Kwa hiyo Seminole iliyojaa, ikizimikiwa injini moja juu ya Lang'ata, haipandi kabisa. Inashuka. Injini iliyobaki inachokupa ni muda na umbali zaidi wa kuchagua mahali pa kutua, basi. Rubani aliyezoea pwani akija kurukia Nairobi au Arusha anapaswa kulijua hili kabla hajawasha injini.

Wengi hushangaa kusikia kwamba sheria iliruhusu hivyo. Kanuni za Marekani ambazo ndege nyingi za aina hii zilithibitishwa kwazo hazikuidai ndege ya ratili 6,000 au chini, yenye mwendo mdogo wa kutua, iweze kupanda kwa injini moja. Mtengenezaji alitakiwa tu kupima na kuandika matokeo, hata kama matokeo yenyewe ni kushuka. Nadhani kila mnunuzi na kila abiria wa kukodi angestahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Lakini kushuka polepole peke yake hakuui watu wengi. Kinachoua ni kile rubani anachofanya kukataa kushuka. Anaona miti au nyumba mbele, anavuta usukani, pua inainuka, mwendo unapungua. Hapo anaukaribia mstari mwekundu.

Kwenye kipimamwendo cha ndege ya injini mbili kuna mistari miwili ya pekee. Wa bluu ni mwendo unaokupa upandaji bora kwa injini moja. Kwa Seminole ni noti 88, yaani maili za baharini 88 kwa saa. Mwekundu ni mwendo wa chini kabisa ambao usukani wa mkia bado unaweza kuinyoosha ndege. Kwa Seminole, noti 56. Ukipiga kasia upande mmoja tu wa mtumbwi, mtumbwi hugeukia upande wa pili, na unahitaji usukani wa kuuzuia. Ndege ni vivyo hivyo, ila usukani wake wa mkia hutegemea upepo unaopita juu yake. Mwendo ukipungua, usukani unalegea, ilhali injini nzima inasukuma kwa nguvu zile zile. Chini ya mstari mwekundu injini inashinda. Pua inageukia upande wa injini iliyokufa, bawa la upande huo linadidimia, na ndege inalala chali kwa sekunde chache. Ukiwa futi 300 juu ya ardhi hakuna nafasi ya kuinyanyua tena. Dawa inayobaki ni kupunguza nguvu za injini nzima na kushusha pua, na mikono ya binadamu aliyeshtuka haipendi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Huo mstari mwekundu nao una masharti yake. Watengenezaji huupima ndege ikiwa imeinamishwa hadi nyuzi 5 kuelekea injini nzima. Rubani akiweka mabawa sawasawa, kama silika inavyomtuma, mwendo wa hatari hupanda kwa takriban noti 3 kwa kila nyuzi aliyoiacha. Aliyedhani ana akiba ya noti 15 anakuta hana kitu.

Historia ya Twin Comanche nawasomesha wanafunzi wote, kwa sababu pale mafunzo yenyewe ndiyo yaliyoua. Piper walianza kuiuza mwaka 1963: injini mbili za nguvu farasi 160, nyepesi, ya bei nafuu, inakunywa mafuta kidogo. Vyuo vya Marekani viliipokea kwa mikono miwili. Wakati ule zoezi la kuonyesha mwendo wa chini wa udhibiti lilifanywa karibu mno na ardhi: mkufunzi anazima injini moja, mwanafunzi anapunguza mwendo mpaka ndege ianze kumshinda, kisha aiokoe. Wakufunzi na wanafunzi wao wakaanguka pamoja, tukio baada ya tukio.

Wengine walijibu kwamba basi zoezi lifanyike juu zaidi. Ni kweli, ila huko juu kuna mtego mwingine. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, hivyo mstari mwekundu wa kweli hushuka. Ule mwendo ambao mabawa hukatikiwa na mnyanyuko, yaani nguvu ya hewa inayoibeba ndege, haushuki kwenye kipimamwendo. Kuna kimo ambapo miendo hiyo miwili hukutana, na mnyanyuko ukikatika huku injini moja inavuta kwa nguvu, ndege huingia kwenye mzunguko wa kuporomoka. Ndege za injini mbili hazikujaribiwa kujitoa humo. Twin Comanche, yenye bawa ambalo mnyanyuko wake hukatika ghafla, haikuwa na huruma. Mwendo wake wa chini uliotangazwa ulipandishwa kutoka maili 80 hadi 90 kwa saa, na mwaka 1970 likaja toleo lake la PA-39 ambalo propela zake huzunguka pande zinazopingana. Ndege ya kawaida ina injini mbaya zaidi kuipoteza, ile ya kushoto, kwa kuwa panga la propela linaloshuka huvuta zaidi, na kwa injini ya kulia panga hilo liko mbali zaidi na kiwiliwili. Propela zikizunguka pande zinazopingana, tofauti hiyo hufutika. Hatari yenyewe haifutiki.

Mwaka 1979 bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilitoa uchunguzi wa ajali za ndege ndogo za injini mbili zilizotokea baada ya injini kuzimika kati ya 1972 na 1976. Ajali ya namna hiyo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuua kuliko ajali ya injini kuzimika katika ndege ya injini moja. Mwenye injini moja hana la kuchagua: anashusha pua, anatafuta shamba, anagonga ardhi akiwa polepole na mabawa yamenyooka. Mwenye mbili ana chaguo, na chaguo baya linapatikana kwa haraka.

Ndege kubwa kidogo hazijasalimika. Tarehe 30 Juni 2019, King Air 350 ilianguka mara baada ya kuruka Addison, Texas, ikaua wote 10 waliokuwemo. Injini ya kushoto ilipungukiwa nguvu, na NTSB ikagundua kwamba rubani mwanzoni alikanyaga pedali ya kushoto, akaisaidia ndege kugeukia kule kule ilikokuwa ikienda. Kila mwanafunzi hukariri: mguu mfu, injini mfu. Mguu usiofanya kazi ndio unaokuonyesha injini isiyofanya kazi. Kukariri darasani ni rahisi.

Cessna walijaribu kulimaliza tatizo kwa kuweka injini moja puani na nyingine mkiani. Skymaster 337 haigeuzi pua injini moja ikifa. Kumbe ule mgeuko ndio uliokuwa ukimjulisha rubani. Baadhi walianza kuruka bila kujua kwamba injini ya nyuma, wasiyoiona, imezimika walipokuwa wakisubiri. Tangu hapo ushauri ni kusukuma wenzo wa injini ya nyuma kwanza na kuhakikisha inajibu.

Sababu nyingine nitazipitia upesi, ingawa zimezika watu wengi. Uzito: Cessna 402B iliyomuua mwimbaji Aaliyah na wenzake wanane huko Marsh Harbour, Bahama, tarehe 25 Agosti 2001, ilikuwa imezidi uzito unaoruhusiwa na mzigo wake umeegemea nyuma mno. Mafuta: Cessna 310 huyarudisha mafuta ya ziada kwenye matangi makuu ya ncha za mabawa, kwa hiyo rubani anayefungulia matangi ya akiba mapema mno, yale makuu yakiwa bado yamejaa, anayamwaga nje bila kujua. Hali ya hewa: Graham Hill, bingwa wa dunia wa mbio za magari mara mbili, aligonga miti karibu na Elstree, Uingereza, usiku wa ukungu tarehe 29 Novemba 1975, akiwa na Piper Aztec, wote sita walikufa. Na sisi tunaikumbuka Marsabit. Tarehe 10 Aprili 2006, Y-12 ya jeshi la anga la Kenya iliwabeba wabunge na viongozi waliokuwa wakienda kutafuta amani, ikagonga mlima katika hali mbaya ya hewa. Walikufa 14 kati ya 17. Kwa mlima uliofunikwa na wingu, idadi ya injini haibadilishi kitu.

Ninachokifanya na wanafunzi wangu ni hiki. Kabla ya kuingia njia ya kurukia, mwanafunzi anasema kwa sauti mambo matatu: injini ikizimika bado tuko chini, tunafunga nguvu zote na kusimama; ikizimika tumesharuka na bado kuna njia mbele, tunafunga na kutua; ikizimika magurudumu yamekunjwa na njia imekwisha, tunashusha pua kuutafuta mstari wa bluu, tunainamia injini nzima, tunahakikisha ipi imekufa, tunalaza mapanga ya propela yake yaukabili upepo kwa ukingo yasituburute. Kisha anataja namba: leo, kwa joto hili na uzito huu, ndege itapanda au itashuka? Kama itashuka, ataje itashukia wapi. Asiyeweza kujibu, haturuki.

Kulaza mapanga nako kuna muda wake. Kwenye Seminole, mzunguko wa propela ukishuka chini ya 950 kwa dakika, pini za kufungia hujishika na mapanga hayalazwi tena. Rubani anayesitasita anabaki na buruta hiyo hadi chini.

Zoezi la mstari mwekundu tunalifanya juu, ili ndege iwe imeshaokolewa kabla ya futi 3,000 kutoka ardhini, na tunaliacha pale dalili ya kwanza inapotokea, iwe ni pua kutangatanga au honi ya kukatika kwa mnyanyuko. Baada ya kuruka, chini ya futi 400 simkatii mwanafunzi injini. Kwenye njia ya kurukia namkatia, lakini kabla mwendo haujafika nusu ya ule wa mstari mwekundu, ili breki na usukani wa gurudumu la mbele vitoshe. Mitego mingine yote tunaifanyia kwenye mashine ya kuigiza urukaji, ambako mwanafunzi anaweza kuanguka Wilson asubuhi yote, kisha akala chakula cha mchana na kurudi kujaribu tena.