Geuza foto nyuma kwanza: kusoma na kutunza picha za zamani za Bukavu

Bahasha ya foto za zamani za Bukavu ikifunguliwa, macho ya kila mtu hukimbilia ziwani, kwenye rasi ya Labotte, au kwenye kilima cha Kadutu ambacho bado kina majani mengi kuliko mabati. Mimi huzigeuza kwanza. Mbele utaona mahali. Mwaka, mpigaji na mwenye foto hukaa nyuma, na huko nyuma ndiko watu huharibu zaidi: wanapaka gundi, wanaandika kwa biki, wanakata kingo ili foto iingie kwenye kadre.

Tuanze na kadi za posta. Kila kadi ina tarehe tatu tofauti: siku picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa, na siku ilipotumwa. Mhuri wa posta unakupa ile ya tatu tu. Duka liliweza kuuza kadi zilezile miaka kumi, hivyo kadi iliyotumwa 1958 inaweza kuonyesha mji wa 1946. Ukiandika “Bukavu 1958” kwa sababu ya mhuri, umeshapotosha watu, na kosa hilo likiingia kwenye simu za watu halitoki tena.

Jina la mji linasaidia. Toka 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji uliitwa Costermansville, kwa jina la afisa Mbelgiji Paul Costermans. Usichanganye mji na mkoa: mkoa nao ulibeba jina hilo toka 1933 hadi 1947, kisha ukaitwa Kivu. Maneno “Congo Belge – Belgisch Congo” (Kongo ya Wabelgiji) ni ya kabla ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Stempu ya maua ya Congo Belge iliyopigwa chapa ya neno CONGO juu yake ni ya 1960, wakati nchi mpya ilipokuwa ikitumia akiba ya stempu za zamani. “Zaïre”, kama jina la nchi, ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997.

Halafu karatasi yenyewe. Chukua lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kama ile ya wauza dhahabu. Ukiona vinukta vilivyopangwa safu, hiyo ni kadi ya kiwandani, na nakala zake huenda ziko nyingi Ubelgiji. Usipoona vinukta, bali kijivu kinachoteleza taratibu mpaka cheusi, hiyo ni foto halisi iliyooshwa kwenye karatasi ya ukubwa wa kadi, na labda ipo hiyo moja tu. Hiyo ndiyo ya kuiokoa kwanza. Ikiwa nyuma kuna jina Gevaert peke yake, karatasi ilitengenezwa kabla kampuni hiyo haijaungana na Agfa mwaka 1964. Kadi za zamani huwa kama sentimita 9 kwa 14. Zile kubwa kidogo, 10.5 kwa 14.8, kwa kawaida ni za baadaye.

Rangi zisikudanganye. Kadi nyingi za rangi za kabla ya miaka ya 1950 zilipakwa kiwandani Ulaya na mtu ambaye hajawahi kuona Ziwa Kivu. Paa jekundu kwenye kadi kama hiyo si ushahidi kwamba lilikuwa na vigae.

Sasa geuza mbele. Milima haihami, kwa hiyo tafuta kwanza mstari wa milima ya nyuma. Ukiujua, utajua mpigaji alisimama wapi: milima ya Rwanda ikiwa ng'ambo ya maji, alitazama mashariki, upande ambao mto Ruzizi unatoka ziwani. Ukishindwa kulinganisha kabisa, chukua kioo uitazame foto ndani yake. Negativu ikiwekwa kinyume, rasi huhamia upande usio wake, na wapo waliobishana wiki nzima juu ya jengo ambalo “lilihamishwa”. Maandishi ya vibao na vifungo vya makoti humaliza ubishi huo haraka.

Majengo ni saa nzuri, lakini lazima ujue yalijengwa lini. Kwa kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix au shule za misheni, uliza kumbukumbu za parokia, usitegemee “nasikia”. Kuta zenye matundu ya risasi huweza kukupeleka 1967, mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme walipoushika mji toka Agosti hadi mwanzo wa Novemba, au kwenye vita vya 1996. Nguo nazo zinasema: mwanaume wa ofisini mwenye abakosti (koti la wakati wa Mobutu), bila tai, yuko kati ya 1972 na 1990. Na maneno ya zawadi yaliyoandikwa nyuma bila jina la ubatizo mara nyingi ni ya wakati huohuo, watu walipotakiwa kutumia majina ya asili, ingawa wapo walioendelea kuitana Joseph nyumbani.

Kwa wazee, usiulize “hii ni mwaka gani?” Mzee atakupa mwaka ili akuridhishe. Uliza, “Mzee, wakati huu mlikuwa mnakaa komine gani? Mtoto gani alikuwa amezaliwa?” Majibu hayo unaweza kuyapima. Andika jina la aliyejibu na siku aliyojibu, na usifute jibu la mtu mmoja kwa sababu mwingine amepinga. Weka yote mawili. Kadi za ukoloni huandika “type indigène” (aina ya mwenyeji) chini ya uso wa mtu mwenye ukoo. Hifadhi maneno hayo kama yalivyo, maana nayo ni historia, lakini jina likipatikana liweke juu yake. Kabla ya kutangaza uso wa mtu, familia iulizwe.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Mvua toka Septemba hadi Mei, ukuta wa tofali unaotoa maji, na foto ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda: ukungu hauhitaji zaidi. Foto yenye ukungu itenge na nyingine, iache ikauke kivulini penye upepo, kisha uipanguse nje kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua. Usitumie kitambaa chenye maji. Ukungu hula jelatini inayobeba picha, ikalainika, na ukisugua kwa maji uso wa mtu utabaki kwenye kitambaa.

Foto iliyoganda kwenye kioo cha kadre usiing'oe. Ipige picha pamoja na kioo chake. Zilizogandana zenyewe, kama ni foto za kuoshwa maabara, huweza kuachana ndani ya maji safi ya baridi kwa dakika 20 hadi 30, ukizisaidia kwa vidole bila kuvuta. Usijaribu hivyo kwa foto za printa ya wino, zilizopakwa rangi kwa mkono, au zenye maandishi ya wino nyuma. Albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu ni mbaya kuliko zote. Piga picha ya ukurasa mzima kwanza, kisha fikiria kutoa.

Kwa skana, kadi ya posta inataka nukta 600 kwa inchi, foto ndogo ya 6 kwa 9 nukta 1200. Piga mbele na nyuma, kwa rangi hata kama foto ni nyeusi na nyeupe, na acha kingo zionekane. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora: kadi ya 9 kwa 14 hutoa faili la megabaiti 21 hivi kwa kila upande. JPEG, faili dogo lililobanwa, tengeneza baadaye kwa ajili ya kutuma. Umeme ukikatika katikati faili huharibika, kwa hiyo fungua kila faili kabla ya kurudisha foto kwa mwenyewe. Huna skana? Simu inatosha ukiweka foto karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, bila flashi, simu ikiwa sambamba na meza. WhatsApp hubana picha. Itume kama dokumenti.

Jina la faili libebe namba ileile iliyo kwenye bahasha, na mwisho “a” kwa mbele, “b” kwa nyuma: BKV-0147a, BKV-0147b. Namba iandikwe nyuma ya foto kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Karatasi za foto zenye plastiki, za miaka ya 1970 na kuendelea, hazishiki penseli. Hizo zitie kwenye bahasha ya karatasi, na uandike juu ya bahasha kabla ya kuiingiza foto. Nakala za faili ziwe tatu, na moja isilale Bukavu.