"Sawa, daktari" inaposema hapana

Kituo cha afya ninachofanyia kazi kiko wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Mpondwe, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha na wagonjwa wengi, hasa wanaovuka kutoka Kongo. Ni wachache mno waliowahi kuniambia, "Daktari, hapo sikubaliani nawe." Wengi hujibu "sawa, daktari," wanakunja daftari lao na kuondoka.

Namaanisha daftari la shule, lile ambalo mgonjwa hulinunua dukani ili tumwandikie matibabu. Mama mmoja alinirudishia mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Nilipofungua daftari nikakuta mwandiko wangu wa siku mbili nyuma: homa, kipimo cha malaria hasi, panadol, maji kwa wingi. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, dawa ya mseto ya malaria kutoka duka la dawa.

Sikuona haki ya kumkaripia. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulimpa kila mwenye homa dawa ya malaria. Ilipofika 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Somo analolishika mama huyu tulimfundisha sisi.

Nikamuuliza, "Mama, wewe unaona mtoto ana nini?" Akasema kifungua mimba wake aliambiwa hana malaria asubuhi, jioni akashikwa na degedege. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na huyu usiku anahema sana." Nikamvua mtoto shati, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima: 52. Kwa umri wake, kuanzia 40 tunashuku nimonia. Siku ya kwanza sikuhesabu. Malaria hakuwa nayo, lakini mama alijua kwamba mtoto wake anaumwa kuliko nilivyoandika, na kimya chake kilitugharimu siku mbili.

Hati ya haki za wagonjwa ya Wizara ya Afya, ya mwaka 2009, inamruhusu mgonjwa kukataa tiba na kutafuta maoni ya daktari mwingine. Ni haki nzuri, ila si rahisi kuidai ukiwa umekaa benchi tangu alfajiri na foleni iko nyuma yako. Kwa hiyo watu hukataa kwa njia nyingine. "Tuacheni kwanza tukashauriane nyumbani," husema jamaa, hasa upasuaji unapotajwa, na mara nyingi hiyo ni hapana iliyofungwa kwa heshima.

Siku hizi, kabla sijarudisha daftari, nauliza: "Katika haya niliyoandika, lipi litakushinda?" Mzee mmoja wa presha alinyamaza kitambo, akasema vidonge vya kukojoza anavinywa jioni, vinamwamsha usiku kucha, ndiyo maana ameviacha. Tukavihamishia asubuhi.