Kubadili dini hakukufungua pingu

Kwenye mijadala yetu ya dini, utumwa hugeuzwa fimbo. Huyu humtajia mwenzake Waarabu, yule humjibu kwa Wazungu, na kila mmoja huondoka akiamini watu wake wana mikono safi. Bahari ya Mediterania ya karne ya 16 hadi ya 18 haimwachii yeyote nafasi hiyo. Waislamu na Wakristo waliwindana huko kwa vizazi, wakauzana, wakabatizana na kusilimishana, na mengi yanayosemwa leo kuhusu habari hizo si kweli.

Dhana: Watekaji walikuwa maharamia wa Afrika Kaskazini, Wazungu walikuwa mateka tu

Algiers, Tunis na Tripoli ziliteka watu kwa maelfu, hilo halina ubishi. Mwaka 1631 wavamizi wa huko walifika mpaka kijiji cha Baltimore, Ireland, wakazoa watu zaidi ya 100. Lakini Malta, iliyokuwa mikononi mwa askari watawa wa Mtakatifu Yohana tangu 1530, ilikuwa kituo cha kuwawinda Waislamu baharini na kuwauza. Livorno, Italia, kulikuwa na jumba la kuwafungia watumwa, na hadi leo karibu na bandari pamesimama sanamu ya mtawala Ferdinando wa Kwanza, chini ya miguu yake watu wanne wa shaba wamefungwa minyororo. Merikebu za makasia za mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa zilivutwa pia na Waislamu walionunuliwa katika masoko hayo. Napoleon alipoitwaa Malta mwaka 1798, bado alikuta watumwa wa kuwaacha huru.

Dhana: Mtumwa akibadili dini anakuwa huru

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa inaficha jinsi biashara yenyewe ilivyokwenda. Sheria ya Kiislamu ilikataza kumtia utumwani Mwislamu aliye huru. Haikusema kwamba aliyekwisha kuwa mtumwa akisilimu, basi amefunguliwa. Kumwacha huru kulikuwa na thawabu, na kwa makosa fulani kulikuwa kafara, ila uamuzi ulikuwa wa bwana wake. Kwa Wakristo hali ilikuwa hiyohiyo: mtumwa aliyebatizwa Napoli au Malta aliamka kesho yake akiwa bado mali ya mtu.

Mabwana wengine hata hawakutaka watumwa wao wabadili dini. Sababu ni fedha. Mateka alikuwa na thamani ya kazi ya mikono yake, na juu ya hiyo alikuwa na thamani ya fidia ambayo kwao wangeweza kumtolea. Watawa Watrinitari na Wamersedari walichangisha sadaka Ulaya, wakavuka bahari na fedha hizo kwenda kuwakomboa Wakristo wenzao. Aliyesilimu hakuwa tena mwenzao, na fidia aliyoitarajia bwana wake ikapotea. Miguel de Cervantes, mwandishi wa Don Quijote, aliyetekwa 1575 akirudi kwao Hispania, alikutwa na barua za wakubwa za kumsifu. Watekaji wakamdhania mtu mzito, bei yake ikapanda. Alijaribu kutoroka mara nne, akashindwa. Mwaka 1580 Watrinitari walimkomboa kwa escudo 500, baada ya miaka mitano Algiers.

Katika magereza hayohayo ya Algiers mapadri mateka waliwasomea wenzao misa, na watumwa Waislamu wa Malta na Livorno walikuwa na mahali pa kusalia. Wengine huona huo ni ukarimu. Kwa kiasi kikubwa ilikuwa hesabu: kila upande ulijua kwamba ukiwabana mateka wake, wa kwao walioko ng'ambo watalipiziwa.

Dhana: Waafrika weusi hawakuwamo

Walikuwamo, na wao ndio waliosahauliwa kabisa. Misafara ya Sahara iliwafikisha Tripoli na Tunis, na hakuna shirika lililowachangia fidia wala balozi aliyetumwa kuwaulizia. Mtakatifu Benedetto wa Palermo alizaliwa Sicilia, karne ya 16, kwa wazazi Waafrika waliokuwa Wakristo na bado watumwa.

Dhana: Waliobadili dini walikuwa wasaliti, au walilazimishwa wote

Uluç Ali alikuwa kijana wa Calabria, Italia. Alitekwa, akavutishwa makasia, akasilimu, kisha akapanda hadi kuwa mtawala wa Algiers na, baada ya vita vya baharini vya Lepanto vya 1571, amiri mkuu wa wanamaji wa Dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki. Wengine walirudi kwao wakasimamishwa mbele ya mahakama za Kanisa, na wengi walijitetea kwamba walisilimu kwa ulimi, moyo ukabaki ulipokuwa. Pwani yetu nayo ina mtu wake wa namna hiyo. Yusuf bin Hasan wa Mombasa alilelewa na Wareno huko Goa, India, akabatizwa Jerónimo, kisha mwaka 1631, uleule wa uvamizi wa Baltimore, akaishambulia na kuitwaa Fort Jesus na kurudi katika dini ya baba zake.

Wanawake hawakuwa na vyeo vya merikebuni vya kuwangoja. Guðríður Símonardóttir alitekwa Iceland mwaka 1627 pamoja na mwanawe mdogo, wakapelekwa Algiers. Fidia ilipopatikana, karibu miaka kumi baadaye, alipelekwa Copenhagen pamoja na wenzake waliokombolewa, wakawekewa mwanafunzi wa theolojia, Hallgrímur Pétursson, awafundishe upya Ukristo, kwa kuwa wakubwa wa kanisa walihofu wameusahau. Mwalimu huyo ndiye aliyemwoa. Mtoto alibaki Algiers.